Kifuniko cha Pua

Yaya wangu, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, alikoroma tangu ujana wake, na nyumbani kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa ng'ambo ya Kigoma, hakuna aliyeona kwamba huo ni ugonjwa. Mtu mnene, mwenye shingo nene, mwenye boti yake mwenyewe, akikoroma watu husema ameshiba. Mimi ni mdogo wake niliyemfuata. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa matete tu, na alipojilaza mchana nilimsikia nikiwa upande wangu. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Kimya hicho kilikuwa kirefu. Kisha anashtuka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, na mkoromo unaanza upya.

Vita ya kwanza ndiyo iliyotuonyesha ubaya wake. Tulikimbilia porini, kwenye miinuko ya kuelekea Fizi, familia nyingi pamoja, na watu walikataa kulala karibu naye. "Huyu atatuitia askari," walisema. Mama mmoja alimwamsha kwa kumgonga na mwiko. Yaya alicheka, akabeba mkeka wake, akaenda kuketi mbali akiegemea jiwe. Akakaa hivyo siku zote tulizokuwa kule. Sisi tulilala.

Ilipokuja vita ya pili alikuwa amezidi. Alikuwa akisinzia mchana, akiwa katikati ya maneno, kijiko kikiwa mkononi. Boti yake ilikuwa ya mbao, yenye injini nyuma, na ilipeleka mafuta ya mawese na mchele Kigoma, ikarudi na chumvi na sabuni, na watu juu ya mizigo. Siku moja, jua likiwa utosini, alilala mkono ukiwa kwenye usukani wa injini. Boti ikajigeuza polepole kuelekea pwani iliyokuwa mikononi mwa kundi ambalo hatukupatana nalo. Abiria walipiga kelele, akaamka, akaigeuza. Hakuna aliyekufa. Lakini tangu siku ile watu walianza kuuliza, kabla ya kupanda, kama ni yeye atakayeshika injini.

Binti yake wa kwanza alikuwa amekimbia kupitia Kigoma, akakaa kambini, kisha akachukuliwa kupelekwa Ulaya, nchi ya baridi sana, na huko alipata kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba yao. Barua zake zilikuja kwa mkono wa wafanyabiashara wa boti. Mimi ndiye niliyezisoma, kwa sababu nilimaliza sekondari na nilikuwa sekretari wa shule. Yaya aliacha shule mapema. Alijua kusoma, ila alisema macho yake ni ya kuangalia mbali, siyo karatasi.

Barua moja ilikuwa ndefu kuliko zote. Binti alieleza kwamba katika nyumba ile ya wazee wako wanaolala na mashine ndogo kando ya kitanda, inayopuliza hewa kupitia mpira mrefu hadi kwenye kifuniko kinachofungwa usoni. Wana ugonjwa uleule wa baba: wakilala, koo linajifunga, pumzi inakatika, mwili unashtuka, na hivyo hadi asubuhi. Moyo unachoka. Mwingine hulala asiamke. Aliwaza sana juu ya baba yake. Muuguzi wa pale alikuwa tayari kumsaidia: kulikuwa na mashine mbili zilizoachwa, na angeweza kupewa moja. Muuguzi alimwambia wazi kwamba bila kumpima mgonjwa ni kubahatisha, lakini kubahatisha kulikuwa bora kuliko kumwacha hivyo.

Kisha akaandika maswali. Mashine ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye kioo chenye tarakimu, na inajua yenyewe kuongeza na kupunguza nguvu ya hewa. Lakini inahitaji umeme wa ukutani. Ya pili ilikuwa ndogo na ya zamani, inapuliza kwa nguvu moja tu, ila inakubali betri ya gari. Ipi itatufaa? Na swali la mwisho lilikuwa juu ya kifuniko. Kuna kinachofunika pua tu, na kuna kinachofunika pua na mdomo. "Baba mdogo," aliandika, "tafadhali mwangalie mwenyewe akilala, au muulize mama. Anafunga mdomo au anaufungua? Akiufungua, kifuniko cha pua hakitamsaidia kitu, hewa yote itatokea mdomoni."

Nilisoma barua hiyo kwa sauti katika ua wa yaya, majirani wakiwapo. Nilipofika kwenye swali la mwisho nililiruka. Nilijiambia si jambo la kusomwa mbele ya watu, mdomo wa mtu mzima akiwa usingizini. Nitalishughulikia pembeni.

Juu ya mashine tulijadiliana.

"Ile kubwa njo muzuri," yaya alisema. "Miye ni muntu mukubwa."

"Yaya, ile kubwa inataka umeme wa kwenye ukuta. Ukuta gani hapa Baraka iko na umeme?"

"Tutaweka jenereta."

"Ile makelele yote? Ba waasi watakuja kukusalimia kila siku, na siku moja bataenda nayo."

Akacheka hadi tumbo likatikisika. "Basi ndogo. Lakini andika muzuri, basifikiri tuko bamaskini."

Hapo nilifikiri vizuri, na sijutii. Yaya alikuwa na betri mbili za boti, na mtu wa mashine ya kusaga alikuwa tayari kuzichaji. Nilifikiri juu ya vita, juu ya umeme, juu ya uzito wa mzigo tukilazimika kukimbia. Nilikuwa najiona nina akili.

Nikaenda kwa shemeji. Kwetu mke wa kaka ni mtu wa mizaha. Ananiita bwana mudogo, nami namwita bibi yangu, yaani mke wangu, na anaweza kunitania lolote mbele ya yeyote. Nilimkuta ufukweni na wenzake wawili wakianika ndakala, wale samaki wadogo, juu ya mchanga.

"Karibu, bwana mudogo," alisema bila kuinua kichwa. "Yaya yako hajakufa bado, na we iko unakuja kurithi?"

Wenzake wakaanza kucheka.

"Nataka kujua namna yaya analala."

"Analala sawa bwana wa bantu. Unataka nikufundishe?"

"Sichezi, bibi yangu. Mutoto anauliza, ule wa Ulaya."

"Mutoto gani anauliza mambo ya kitanda ya baba yake?" Akasimama, mikono kiunoni, akawatazama wenzake. "Mwambie baba yake analala kinywa wazi sawa samaki mugebuka ku mchanga. Siku moja nitatia ndakala moja ndani, nione kama atatafuna."

Walicheka wote watatu, na mimi nikacheka. Nikamjibu kwamba akitia ndakala atie na pilipili. Nikaondoka. Alikuwa amenijibu swali, wazi kabisa, na mimi nilisikia mzaha tu. Mwenzake yeyote angeniambia maneno yale, ningeyaandika. Ni kwa sababu aliyasema yeye, kwa sauti ile tuliyozoea, ndiyo maana hayakuingia.

Mfanyabiashara wa kupeleka barua alikuwa anaondoka mchana uleule. Niliketi ofisini kwangu shuleni, nikajaza karatasi kwa Kifaransa changu kizuri. Mashine: ya pili, ya betri. Kifuniko: cha pua. Nilipiga mstari chini ya neno hilo. Sikuwa nimemwangalia yaya akilala. Nilifikiri mtu hupumua kwa pua, ndivyo tulivyofundishwa darasani. Tena kifuniko cha kuziba pua na mdomo kilinitisha, nilikiona kama kitu cha kumfanyia mfungwa. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya juu ya pumzi ya kaka yangu, na haikunichukua hata dakika moja.

Mashine ilifika baada ya miezi mingi. Nilikwenda kuipokea pwani, na waasi walioshika mji walikuwa wa kwanza kufungua sanduku. Waliona waya, wakaona mpira mrefu.

"Iyi ni foni," askari mmoja alisema. Foni ni redio ya kusemea mbali. Raia aliyekutwa nayo alihesabiwa kuwa anazungumza na adui, na hakuulizwa mara mbili.

"Apana, chef mukubwa. Ni mashine ya kupumua."

"Ya kupumua? Nani asiyejua kupumua?"

"Yaya wangu."

Wakacheka, lakini hawakuniachia. Walinikalisha juani pale mchangani mpaka mkubwa wao akamaliza kula. Akaja, akajifunika kifuniko puani mwake, akaamuru betri iletwe kutoka kwenye boti. Hewa ilipompuliza alirudi nyuma akipiga chafya. Akasema tuondoe uchafu huo mbele yake. Nilirudi nyumbani nimelibeba sanduku kichwani, na watu wakinishangilia njiani. Nadhani siku ile ndiyo iliyoniharibu zaidi. Nilikuwa nimekaa chini ya bunduki kwa ajili ya mashine ile. Sikuwa tayari kuambiwa kwamba ina kasoro, tena kasoro yangu.

Tuliijaribu Jumapili baada ya kanisa. Yaya alilala chali juu ya kitanda chake, mlango wazi, ndugu wamejaa hadi uani. Nilimfunga mikanda kichwani, nikaunganisha betri. Mashine ikaanza kuvuma taratibu. Haukupita muda mrefu, akalala, na taya likashuka. Hewa iliyoingia puani ikatokea mdomoni kwa mlio kama wa baiskeli inayotoa upepo. Akaamka akikohoa, ulimi umekauka. Tukajaribu tena, ikawa vilevile.

Ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi ya binti. Mwishoni alikuwa ameandika kwamba ikiwa mdomo utafunguka kidogo, wazee wa kule hufungwa kitambaa kutoka chini ya kidevu hadi utosini, na hilo huwasaidia wengine. Niliisoma kwa sauti.

Shemeji, aliyekuwa ameshika ncha ya mkeka, aliuachia. Kwetu, awe mkristo au mwislamu, taya hufungwa kwa kitambaa mtu akishakata roho, kabla hajakauka. Hafungwi mtu mwingine yeyote.

"Nani amekufa hapa?" yaya aliuliza.

"Yaya, ni kitambaa tu."

"Utanifunga siku yangu. Leo hapana." Akavua kifuniko mwenyewe, akakiweka polepole juu ya mashine. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote: "Na usimwandikie mutoto mambo ya kumusikitisha. Muntu akipewa shati, haanze kuuliza kifungo iko wapi."

Nilifurahi aliposema hivyo.

Halafu, kwa muda wa kama majuma matatu, yaya alipona. Sijui neno jingine la kutumia. Alishinda macho wazi tangu asubuhi hadi jioni. Alifungua injini yake, akaisafisha, akaifunga. Alipeleka boti Kigoma na kurudi, na abiria wakasema amekuwa kijana. Miguu yake iliyokuwa inavimba ilipungua. Nilimwambia kila mtu kwamba mashine imemzoea.

Shemeji ndiye aliyeniambia ukweli, na siku hiyo hakutania. Alikuja shuleni, akaketi kwenye benchi ya wazazi, macho mekundu.

"Miye njo namushika," alisema.

"Unamushika nini?"

"Taya. Akilala ninaweka mukono hapa." Akajishika kidevu kwa kiganja, vidole vikielekea shavuni. "Nikishika, mashine inafanya kazi, anapumua sawa mutoto. Nikisinzia mukono unaanguka, inaharibika. Shemeji, sina nguvu tena. Muchana ndakala, shamba, batoto. Tufanye nini?"

Aliniita shemeji.

Nilimwambia nitafikiri. Na juma lilelile barua ya binti ikaja. Aliuliza kifuniko kinamkaaje baba. Aliandika kwamba kama hewa inatoka mdomoni nimwambie mara moja, maana amepata kile kingine, cha pua na mdomo, amekiweka kwenye kabati lake, na kuna mtu anayekuja Kigoma.

Nilisoma barua hiyo pia kwa sauti mbele ya yaya na shemeji. Nilisoma salamu. Nilisoma habari ya theluji. Sehemu ile niliiruka, kwa sababu wangeuliza: kumbe viko viwili? Kumbe aliuliza tangu mwanzo? Na wewe ulijibu nini?

"Anasema nini ingine?" yaya aliuliza.

"Anasalimia."

Siku iliyofuata nikamjibu binti kwamba kifuniko kinamkaa baba vizuri sana, na kwamba tunamshukuru. Yaya hakuniambia nidanganye. Yeye alisema tusilalamike. Hakujua kuna kitu cha kuomba. Nilidanganya mwenyewe, kwa kalamu yangu, mezani kwangu, nikiwa nimeshiba na mwenye afya. Nilijiambia nitarekebisha katika barua ijayo, kwa maneno mazuri zaidi.

Shemeji alishika taya lile siku chache nyingine, kisha mwili ukamshinda. Mashine ikafungwa katika kitenge, ikawekwa juu ya kabati. Yaya alirudi kusinzia. Barua ijayo haikuandikwa, kwa maana mapigano yaliingia mjini, na kila mtu akashika njia yake.

Sisi tulitembea hadi Lweba kwa kufuata ziwa. Boti ilikuwa imechukuliwa na wenye bunduki, pamoja na betri zote mbili. Yaya alitembea akisimama kila mara, mikono magotini. Tulipokelewa katika nyumba ya ndugu iliyokwisha kujaa watu waliokimbia kutoka pande zote. Alilala ameketi, kama zamani porini, ili asiwasumbue. Akawa anapungua mbele ya macho yetu: midomo ya rangi ya majivu, miguu imevimba hadi magotini.

Siku ya sita au ya saba, baada ya kula viazi vitamu, alisema leo atajinyoosha kidogo. Akatandika mkeka kwenye kivuli cha nyumba. Ilikuwa saa nane mchana. Watoto walicheza karibu, na alipoanza kukoroma walimwiga, mmoja baada ya mwingine, wakianguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimeketi karibu naye, nasikiliza redio ndogo ya mwenye nyumba, natafuta habari za Baraka. Mkoromo ulikatika. Sikugeuka. Nilikuwa nimezoea kimya kile miaka yote, nilijua kitakwisha kwa kishindo, kisha aendelee. Nilingoja aanze tena. Mtangazaji alimaliza habari, akaanza nyingine. Watoto nao walikuwa wanangoja, wapate kumwiga. Mmoja wao ndiye aliyesema: "Baba mukubwa ameacha."

Tulimzika kulekule. Nilimwandikia binti kwamba baba yake aliuawa na safari na uchungu wa vita. Watu wengi waliuawa na safari na uchungu wa vita, kwa hiyo hakuna aliyenibishia.

Binti alirudi baada ya miaka mingi, amani ilipokuwa imetulia kiasi cha mtu kuweza kufika. Alikuwa mwanamke mwenye mvi tayari, mnene kama baba yake. Alikwenda kwanza Lweba kwa mama yake na kwenye kaburi, ndipo akaja kwangu Baraka. Mke wangu alimchinjia kuku, akapika wali na mboga ya lengalenga. Kabla ya chakula tuliketi wawili.

"Baba mdogo," alisema, "baba alitumia mashine hadi mwisho?"

"Hapana."

"Kwa nini? Uliniandikia inamkaa vizuri."

Ningeweza kusema betri zilichukuliwa. Ilikuwa kweli, na ingetosha. Yeye mwenyewe alikuwa ananipa nafasi, aliniangalia kama mtu anayetaka kuambiwa kitu chepesi. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayeruka mistari. Nikamweleza yote: swali nililoliruka, shemeji na ndakala, neno nililolipigia mstari, kitambaa, mkono wa mama yake, barua ya pili. Nilisema polepole ili nisisahau kitu. Hakunikatiza.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja. "Mama anajua kwamba nilikuwa nacho kile kingine?"

"Hajui."

"Alishika kwa mkono wake, na mimi nilikuwa nacho kabatini."

"Ndiyo."

Mke wangu alileta maji ya kunawa. Binti akanawa mikono, akaitazama sahani, akaifuta mikono yake kwa kitambaa chake mwenyewe. Akamwambia mke wangu asante, ila ana safari. Kwetu mtoto hakatai chakula katika nyumba ya baba yake mdogo, hata kama hana njaa humega kidogo. Mke wangu alinitazama.

Nilimsindikiza hadi penye pikipiki, kama ilivyo desturi, na hakunikataza. Dereva alipowasha pikipiki, binti alipanda, akaweka begi lake mapajani, ndipo akanigeukia.

"Baba mdogo, usiniandikie tena. Kukiwa na neno, mama atanipigia simu."

Nikamwitikia kwamba nimesikia. Alikwenda njia ya Lweba, na nilijua anakwenda kumwambia mama yake.